Borophagus, mbwa aliyevunja mifupa kama fisi

Mwoneshe mtu fuvu la Borophagus, atakwambia ni la fisi. Simlaumu. Paji limetuna, pua ni fupi, taya ni nene na magego ni mapana, ya kupasulia mifupa. Lakini mnyama huyu ni wa ukoo wa mbwa. Aliishi Amerika Kaskazini tu, akatoweka yapata miaka milioni 2 iliyopita.

Sisi tunaochunguza visukuku huanza kwa kuhesabu meno. Fisi huuvunjia mfupa kwenye gego la tatu la mbele. Borophagus alitumia la nne, lililo nyuma zaidi, karibu na maungio ya taya, ambako kani ya kuuma ni kubwa. Kazi ni ileile, ila kila ukoo uliifikia kwa njia yake. Na fisi aliyewahi kuvuka mpaka Amerika ni Chasmaporthetes peke yake, naye alikuwa mkimbiaji, si mvunja mifupa hodari.

Tangu Edward Drinker Cope, mtaalamu Mmarekani wa visukuku, ampe jina mwaka 1892, kutokana na mabaki ya Texas, wengi walimchukulia kuwa mla mizoga. Mimi ushahidi unaonivutia zaidi ni mavi yake. Ndiyo, mavi, yaliyogeuka jiwe. Yalipatikana karibu na ziwa Turlock, California, kwenye tabaka lenye umri wa miaka milioni 5 hadi 6 na ushei, na mwaka 2018 mtafiti Xiaoming Wang na wenzake walichapisha picha za ndani yake zilizopigwa kwa CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka. Kila bonge lilikuwa na vipande vya mifupa.

Hapo ndipo anapoachana na fisi wetu madoa. Asidi ya tumbo la fisi huyeyusha mfupa, ndiyo maana mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa. Borophagus alimeza mfupa, na vipande vikatoka vingali vinatambulika. Kimoja ni cha ubavu wa mnyama mkubwa kuliko yeye: walikadiria mawindo ya kilo 35 hadi 100, ilhali mbwa mwenyewe alikuwa na kilo 24 hivi. Ni vigumu mbwa wa uzito huo kumwangusha mnyama wa kilo 100 peke yake. Isitoshe, mavi yenyewe yalikuwa yamerundikana kama kwenye choo cha kundi, jambo ambalo fisi hulifanya hadi leo. Kwangu mimi, huyu aliwinda kwa kundi, ingawa sidhani aliuacha mzoga aliokutana nao njiani.

Picha za mitandaoni humwita babu wa mbwa. Si kweli. Nasaba yake, Borophaginae, ilikuwa na spishi zaidi ya 60 na zote zimekwisha. Mbwa wa nyumbani, bweha na mbwa mwitu wanatokana na tawi jingine, lililochipuka hukohuko Amerika, likavukia Asia kupitia Bering, palipokuwa na nchi kavu kati ya Alaska na Siberia, kisha likafika Afrika.