Weka chini kijiko cha DCP, soma mfuko wa chakula cha mbwa kwanza

Imekuja tena. Picha ya WhatsApp, German Shepherd wa miezi minne, sikio moja limesimama wima, jingine limelala kama limechoka na maisha. Chini yake: "Shikamoo dokta. Masikio yamegoma. Nampa DCP kijiko kimoja kila asubuhi juu ya chakula, niongeze?"

Marahaba. Usiongeze. Na hicho kimoja kiache leo. DCP ni unga wa kalsiamu na fosforasi wa kulishia mifugo.

Ningeishia hapo kama kawaida, lakini najua kesho ataniuliza jirani yake huko Goba, na keshokutwa muuzaji wa duka la dawa za mifugo atamwambia mteja mwenye Boerboel kwamba mbwa mkubwa ana mifupa mikubwa, hivyo anataka chokaa nyingi, yaani kalsiamu. Nimechoka kuandika jibu lilelile kwa kidole gumba. Naliandika mara moja kwa urefu, halafu nitakuwa natuma kiungo.

Sikio kwanza, maana halihitaji maneno mengi. Sikio la mbwa halina mfupa. Ni gegedu, ngozi, na misuli midogo pale kwenye shina. Litasimama au halitasimama kutegemea wazazi wake na umri wake. Wengi husimamisha masikio, kisha yakalala tena wakati wa kubadilisha meno, kati ya miezi minne na sita, kisha yakasimama yenyewe. Aliyekuwa anatoa DCP wakati huo ataapa kuwa ni DCP. Kama wiki hiyo alikuwa anamwekea redio usiku, angeapa kuwa ni redio.

Sasa mifupa, ambako ndiko kwenye madhara.

Watu wanasema mbwa mkubwa anahitaji kalsiamu zaidi kuliko mdogo. Kwa jumla ya siku ni kweli, na tayari anaipata, kwa sababu anakula bakuli kubwa zaidi. Kile asichokihitaji ni chakula chenye kalsiamu nzito zaidi katika kila punje. Anahitaji kilichopunguzwa kidogo, na hapo ndipo watu wananiangalia kama nimewatukana.

Mbwa mzima akila kalsiamu iliyozidi, utumbo wake unapunguza kunyonya na ziada inatoka na kinyesi. Mtoto hana breki hiyo. Hadi karibu miezi sita, sehemu kubwa ya kalsiamu unayomwekea inapenya tu utumboni, mwili uitake usiitake. Ikishaingia, mwili unaizuia isitoke mifupani, na ule ukarabati wa mfupa unaotakiwa kwenda sambamba na ukuaji unazorota. Gegedu la mwisho wa mfupa linachelewa kugeuka mfupa, linanenepa, linapasuka. Mifupa miwili ya kigasha inaacha kukua kwa mwendo mmoja na mguu unapinda. Kazi kubwa ya kuonyesha haya ilifanywa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na kundi la Herman Hazewinkel kuanzia miaka ya 1980, wakitumia watoto wa Great Dane, mbwa wa aina kubwa sana. Waliozidishiwa kalsiamu hawakupata mifupa imara. Walichechemea.

Na kijiko kinatosha kabisa kukufikisha huko. Tuseme mtoto wako anakula gramu 350 za punje za mfukoni kwa siku, na mfuko unasema kalsiamu asilimia 1.3. Anapata gramu 4.5 na ushee. Punje zina maji kama asilimia 10. Ukiyatoa, kalsiamu inakuwa asilimia 1.4 na kidogo ya chakula kikavu. Hapo ni pazuri. Ongeza kijiko cha chai cha DCP, takriban gramu 5, ambayo karibu robo yake ni kalsiamu. Umefika 1.8. Ongeza kijiko cha chakula, ambacho ndicho ninachokikuta kwenye makabati ya watu, na umekaribia 2.5.

Viwango vya Marekani kwa mtoto atakayefikia paundi 70 akikua, yaani kama kilo 32, vinataka kalsiamu isipungue 1.2 na isizidi 1.8 ya chakula kikavu. Kwa watoto wa mbwa wadogo wanaruhusu hadi 2.5. Ulaya wana mkono mzito zaidi: miezi ya mwanzo ukomo wao ni 1.6. Kwa hiyo mwenye kijiko cha chai yuko ukingoni Marekani na ameshavuka Ulaya, na hajaanza kuweka ile sirapu ya kalsiamu ya watoto wa binadamu aliyoshauriwa kwenye kundi la wafugaji, wala maganda ya mayai yaliyosagwa.

Msinielewe kana kwamba 1.8 ni ukuta, 1.79 salama na 1.81 kilema. Tarakimu hizi zimejengwa sana juu ya Great Dane, na Rottweiler wa Mbezi Beach si Great Dane wa Utrecht. Pia akiletwa kwangu mbwa wa miezi saba anayechechemea, siwezi kuapa ni kalsiamu. Inaweza kuwa nyonga alizorithi, inaweza kuwa unene, inaweza kuwa sakafu ya vigae anayoteleza kutwa nzima. Mara nyingi ni mchanganyiko, na picha ya eksirei haiandiki jina la mkosaji. Ninachojua ni kwamba jeni za baba yake siwezi kuzibadilisha leo, na kijiko naweza.

Tuwatendee haki wazee wanaosema ongeza kalsiamu, maana ushauri wao nadhani una asili ya kweli. Mtoto anayelishwa nyama tupu, mapupu na utumbo, kweli anakosa kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu mno, na mwili ukiona hivyo unaanza kubomoa mifupa yake kuifidia damu. Huyo atapata mifupa myembamba inayovunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Ugali wa mahindi nao hauna kalsiamu ya maana. Mfugaji wa zamani aliyekuwa analisha ugali na mapupu, akiongeza mifupa ya kusaga, alikuwa anatatua tatizo halisi. Wewe umenunua mfuko wa bei mbaya ambao kalsiamu imeshapimwa ndani, kisha unaongeza dawa ya tatizo la mtu mwingine. Na cha kuchekesha, miguu inapinda kwa upungufu na inapinda kwa kuzidi, kwa hiyo mwenye mbwa akiona matege anaongeza kijiko cha pili.

Basi tusome mfuko. Picha ya mbele iache. Kuna mfuko wenye German Shepherd amesimama mlimani na ndani ni chakula cha kawaida tu.

Mifuko ya Kimarekani, tafuta sentensi ndogo kuhusu umri na ukuaji. Ikisema kinafaa kwa ukuaji pamoja na mbwa wakubwa, utaona wametaja hizo paundi 70. Hicho ndicho unachotaka. Ikisema kinafaa ukuaji isipokuwa mbwa wakubwa, rudisha rafuni hata kama kimeshushwa bei. Ikisema kinafaa umri wote bila kuwataja wakubwa, usijipe moyo. Umri wote maana yake kinaweza kufika 2.5.

Mifuko ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo mingi hapa Dar, ina namba ya usajili inayoanza na V chini ya Sheria Na. 36 ya 1947. Namba hiyo inakuambia chakula kimesajiliwa, haikuambii kinamfaa mbwa wako. Vipimo wanaandika kwa gramu katika kilo. Kalsiamu 13 hapo ni asilimia 1.3. Nimeshapigiwa simu saa nne usiku na mtu anayelia kwamba mwanae amelishwa asilimia 13 za kalsiamu. Sogeza nukta, lala.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni neno "isiyopungua". Mfuko unaandika kalsiamu isiyopungua 1.0, mtu anafurahi, anasema iko chini, nzuri. Hapana. Hiyo ni sakafu, dari hujaonyeshwa. Ndani inaweza kuwa 1.1 na inaweza kuwa 2.3, na maandishi bado ni ya kweli. Baadhi ya watengenezaji wanaandika zote mbili, Mungu awabariki. Wasioandika, watumie barua pepe, uliza swali moja: kalsiamu halisi ni gramu ngapi kwa kila kilokalori 1000? Kwa mtoto wa mbwa mkubwa unataka jibu kati ya 3 na 4.5. Kipimo hiki ni bora kuliko asilimia kwa sababu mbwa hushiba nishati; chakula chenye mafuta mengi huliwa kidogo, chenye makapi huliwa kingi, na kalsiamu inafuata. Atakayekujibu kwa namba, mnunulie. Atakayekutumia kipeperushi chenye picha za karoti, achana naye. Na kama kalsiamu haijaandikwa kabisa halafu majivu (jumla ya madini yaliyomo) yanakaribia asilimia 10, mimi nahisi mifupa mingi iliyosagwa, na sinunui.

Uwiano wa kalsiamu na fosforasi uwe kati ya 1 kwa 1 na 2 kwa 1. Karibu kila mfuko wa maana unapita hapo, hivyo usikeshe.

Protini: hapana, haiharibu nyonga. Ilipimwa kwa Great Dane vilevile, matokeo yalichapishwa 1991, kwa vyakula vya protini kama asilimia 15, 23 na 32, na mifupa haikujali. Wanaonunua chakula cha mbwa wazima ili mtoto "asikue haraka" wanakosea mara mbili, maana cha wazima hakikutengenezwa kwa ukuaji na kalsiamu yake inaweza kwenda popote. Na kile kinachojisifu kuwa nyama ndiyo kiungo cha kwanza, nyama mbichi imepimwa na maji yake, ikikaushwa inabaki kidogo. Tuendelee.

Je, ni lazima kiwe kile cha mbwa wakubwa, chenye bei ya juu kuliko cha watoto wa kawaida? Si mara zote. Kuna watengenezaji ambao cha kawaida chao kiko ndani ya 1.8, na tofauti ni ukubwa wa punje na rangi ya mfuko. Ukipata namba, unaweza kuokoa pesa.

Kiasi ni muhimu kuliko jina la mfuko, na hapa nagombana na mila ya mjini. Mtoto wa mbwa mkubwa akiwa bonge, watu wanampiga picha. Akiwa mwembamba, jirani anauliza kama mnafunga. Marekani walichukua watoto 48 wa Labrador, wakawapanga wawili wawili wa uzao mmoja, mmoja akapewa asilimia 25 pungufu ya mwenzake maisha yote. Waliopunguziwa walikuwa na nyonga bora, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 13 dhidi ya 11.2. Chakula kilekile, mfuko uleule. Pitisha vidole vilivyonyooka ubavuni: mbavu ziguswe kirahisi bila kubonyeza. Ukizitafuta, punguza. Jedwali la nyuma ya mfuko ni pa kuanzia tu, na aliyeliandika hauzi mbwa, anauza chakula.

Sasa ugali. Najua. Mfuko ni ghali, mwezi una siku 30, na mbwa wa kilo 40 anakula kama mlinzi aliyekesha. Nusu ugali nusu punje inavuruga hesabu yote ya kalsiamu, safari hii kwa upungufu. Kwa kanuni ya lishe, nyongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ukiniuliza nusu kwa nusu na dagaa wazima, ambao wana mifupa yao, nitakuambia inawezekana ikawa sawa na inawezekana isiwe, na bila kupimwa maabara siwezi kukukokotolea. Kama lazima uchanganye, miezi sita ya kwanza lisha punje tupu, punguza gharama baadaye. Na kama hata hilo ni gumu, mbwa wa kienyeji ni mbwa mzuri sana, mwerevu, na mifupa yake haina drama hizi.

Usinunue cha kupima kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi. Hakina maandishi, kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu hayana pa kushika, na joto na unyevu wa Dar yanaharibu mafuta yake haraka. Punje nyingi zina mahindi. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016 inaua mbwa pia, kupitia ini, na kuichemsha haisaidii. Chukua mfuko uliofungwa utakaoisha ndani ya mwezi hivi, angalia tarehe, na ukiache chakula ndani ya mfuko wake. Ingiza mfuko mzima kwenye ndoo yenye mfuniko, weka mbali na jua la dirishani. Wanaomwaga moja kwa moja ndooni wanabaki na mafuta ya zamani yameganda kwenye kuta, na punje mpya zinaanza kunuka wiki ya kwanza. Ioshe, ikauke kabisa, ndipo uingize mfuko mwingine.