Mbwa wa ghorofa ya tatu na mbuzi wa Idi

Kila kamati ya wakazi inayoniita huanza vilevile: "Tuandike tu, wanyama hawaruhusiwi." Kazi yangu ni kusimamia majengo ya fleti hapa Dar es Salaam, nami huwauliza: na mbuzi wa Idi el-Hajj je? Na yule jogoo aliyekuja na mama mkwe kutoka Singida? Hapo kikao huchangamka. Kanuni zilizonakiliwa mtandaoni zinamjua mbwa na paka basi. Mimi mnyama wa kuliwa nampa siku tatu, akae uani, asipandishwe barazani, na damu isimwagwe kwenye mfereji wa mvua.

Kazi kubwa ni mbwa. Wengine hupenda kuweka ukomo wa kilo, kana kwamba kijibwa kidogo hakibweki. Ugomvi niliousuluhisha mara nyingi hauhusu ukubwa, unahusu ngazi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, pua mbichi ya mbwa ikigusa kanzu hiyo ni najisi nzito: nguo huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Sasa mzee ana udhu, anawahi swala ya Ijumaa, na mbwa wa ghorofa ya tatu anamrukia kwa furaha. Mwenye mbwa anadhani jirani ana chuki. Hana, ana dakika kumi tu. Kwa hiyo tuliandika: kamba fupi tangu mlangoni, na mkikutana kwenye ngazi au lifti, mwenye mbwa ndiye anayesubiri. Malalamiko yaliyobaki ni ya kubweka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na nakala ya kadi inakaa ofisini. Kibandani kwa mlinzi nimebandika karatasi: aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishajitokeza, hakuna tiba.

Paka wa uani wamenishinda, nakiri. Wanalishwa na fleti tano, lakini siku ya kulipia kuwahasi hawana mwenyewe.

Jambo moja lilinigharimu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye fleti chama na kanuni zao, lakini wanaoishi humo wengi ni wapangaji. Niliwahi kumwandikia mpangaji barua ya faini, akanijibu kwamba mkataba wake hauna hata neno mbwa. Alikuwa sahihi. Siku hizi kanuni zinaambatanishwa na mkataba, na mpangaji anazisaini kabla ya kulipa kodi. Aliyekuwa na mnyama kabla ya kanuni anabaki naye hadi mnyama huyo afe, ila haleti mwingine badala yake.

Yule wa ghorofa ya tatu ana miaka kumi na mmoja. Mzee wa kanzu siku hizi humuulizia hali.