Dikteta si kila kiongozi usiyempenda

Rais akipandisha kodi, ni dikteta. Waziri mkuu akimfuta kazi waziri wake, ni dikteta. Kiongozi akimjibu mwandishi wa habari kwa ukali, naye ni dikteta. Neno hili limetupwatupwa mpaka halielezi tena chochote zaidi ya hasira ya anayelisema. Ni hasara kubwa, kwa sababu wapo watu waliooza kizuizini na wengine waliozikwa pasipojulikana, na kuwasimulia kwa haki tunahitaji neno hilo likiwa na uzito wake wote.

Maana yake ni fupi. Dikteta ni mtawala aliyeshika madaraka ya dola kiasi kwamba hakuna mahakama, bunge, chama wala mpiga kura anayeweza kumzuia au kumwondoa kwa njia ya sheria. Kauli yake ndiyo sheria. Utawala wa namna hiyo tunauita pia utawala wa imla, na yeyote aliyewahi kuandika imla darasani anaelewa kwa nini: mwalimu anatamka, mwanafunzi anaandika neno kwa neno, na hakuna anayenyoosha mkono kusema sentensi ile ingefaa iandikwe vingine.

Sasa angalia kisichokuwamo ndani ya maana hiyo. Ukali wa sauti haumo. Sera mbaya hazimo. Kuchukiwa na watu hakumo kabisa.

Waliotuachia jina hili ni Warumi, na kwao lilikuwa cheo cha heshima. Jamhuri ya Roma iliongozwa na makonsuli wawili waliochaguliwa kwa mwaka mmoja, kila mmoja akiwa na uwezo wa kuupinga uamuzi wa mwenzake. Utaratibu huo ulifaa siku za kawaida. Adui alipokaribia, au mambo ya ndani yalipokwama, Seneti, yaani baraza la wakuu wa Roma, ilishauri ateuliwe dikteta, na konsuli akamtaja usiku, kwa ukimya, kama desturi ilivyotaka. Kuanzia hapo mtu huyo alitembea na watumishi 24 waliobeba mafungu ya fimbo na mashoka, idadi sawa na ya makonsuli wote wawili wakijumlishwa. Hakuwa na mwenzake wa kumpinga. Lakini muda wake ulikuwa na kikomo: miezi 6 basi, na kazi aliyoteuliwa kuifanya ikiisha mapema, alitarajiwa kung'atuka mapema. Wengine waliteuliwa kwa kazi ndogo tu ya kusimamia uchaguzi wakati makonsuli wako vitani.

Warumi walipenda kumsimulia Cincinnatus, aliyeitwa kutoka shambani kwake mwaka 458 kabla ya Kristo kwenda kuliokoa jeshi lililozingirwa. Alilikomboa, na siku ya 16 akavua madaraka na kurudi kulima. Huenda simulizi hilo limetiwa chumvi kidogo. Hata hivyo linaonyesha wazi Warumi walimsifu dikteta kwa lipi: kwa kuondoka.

Mambo yaliharibika taratibu. Mwaka 82 kabla ya Kristo, jemadari Sulla aliyekuwa ameuteka mji wa Roma kwa jeshi lake alifanywa dikteta bila kikomo cha muda, akabandika hadharani orodha za majina ya watu walioruhusiwa kuuawa. Baadaye aliachia madaraka kwa hiari yake, lakini hilo halikurudisha kikomo kilichovunjwa. Julius Caesar alikipata cheo hicho kwa awamu: mara ya kwanza kwa siku chache tu, kisha kwa mwaka, kisha kwa miaka 10, na mapema mwaka 44 kabla ya Kristo akawa dikteta wa kudumu. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo maseneta wakamuua kwa visu, na miezi haikupita mingi konsuli Marcus Antonius akapitisha sheria ya kukifuta kabisa cheo hicho.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Uwezo wa kuamuru aliokuwa nao Cincinnatus na ule aliokuwa nao Caesar haukutofautiana sana. Kilichotoweka katikati yao ni tarehe ya kuondoka, pamoja na watu wenye ubavu wa kuhakikisha tarehe hiyo inaheshimiwa. Hata karne nyingi baadaye jina lenyewe halikuwa tusi. Mwaka 1860 Garibaldi, jemadari Mwitalia, alijitangaza dikteta wa Sicily bila aibu yoyote. Karne ya 20 ndiyo iliyolichafua, na ililichafua kwa haki, kwa kuwa ilizaa watawala wengi walioingia kwa hoja ya dharura na wasiondoke.

Basi turudi kwa kiongozi asiyependwa. Sababu za kumchukia mtu aliye madarakani ni nyingi, na nyingi ni za haki. Kaahidi na hakutimiza. Kawapa ndugu na marafiki vyeo. Anawadharau watu wa chini. Kaingiza nchi kwenye vita isiyo na kichwa wala miguu. Au watu wamemchoka tu, kwa kuwa sura moja kwenye runinga kwa miaka 10 inachosha hata kama haina kosa. Yote hayo yanatosha kabisa kumnyima mtu kura. Hakuna hata moja, peke yake, linalomfanya dikteta.

Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, ni mfano ninaourudia kila mara mjadala huu unapozuka. Ni vigumu kumtaja kiongozi wa Uingereza wa karne iliyopita aliyechukiwa kwa kina kama yeye. Jamii za wachimba makaa ya mawe hazikumsamehe kwa mgomo wa 1984 hadi 1985 ulioisha kwa wao kushindwa, kisha migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kodi ya kichwa aliyoianzishia Uskoti mwaka 1989, kisha Uingereza yenyewe na Wales mwaka uliofuata, ilitoza watu kwa kuhesabu vichwa badala ya mali zao, na Machi 1990 ilizua ghasia katikati ya London. Alipofariki mwaka 2013, wapo waliotoka barabarani kusherehekea. Chuki ya kiasi hicho huishi muda mrefu.

Lakini tazama alivyotoka. Novemba 1990 wabunge wa chama chake mwenyewe walipiga kura ya uongozi. Alipata 204, mpinzani wake 152. Aliongoza, lakini kanuni za chama zilidai ashinde kwa pengo kubwa zaidi, na alipungukiwa kura 4. Siku mbili baadaye alitangaza kujiuzulu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amefungasha. Mwanamke aliyeshinda chaguzi kuu tatu, aliyevunja nguvu ya vyama vya wafanyakazi, aliondolewa na kura 4 pungufu ndani ya chumba cha kamati. Ukimwita dikteta, tukio hilo huwezi kulieleza.

Franklin Roosevelt wa Marekani ni mfano mgumu zaidi, ndiyo maana una faida zaidi. Alichaguliwa mara 4, jambo ambalo hakuna rais mwingine wa nchi hiyo aliyewahi kulifikia. Alipanua mamlaka ya serikali kuliko waliomtangulia, na mwaka 1937 alitaka kuongeza hadi majaji 6 kwenye Mahakama Kuu ya nchi iliyokuwa na majaji 9, baada ya mahakama hiyo kuzitupa sheria zake kadhaa. Wapinzani wake walipiga kelele za udikteta kwa nguvu kiasi kwamba mwaka 1938 alilazimika kuandika barua iliyotolewa hadharani, akieleza kwamba hana haja ya kuwa dikteta. Na tuseme kweli, waliopiga kelele walikuwa na hoja. Kujaza mahakama majaji wako ni hatua ya kwanza inayojulikana. Ila mpango huo ulifia kwenye Seneti iliyojaa watu wa chama chake, kwa kura 70 dhidi ya 20. Roosevelt alijaribu, akazuiwa, akakubali kwamba amezuiwa. Hilo la tatu ndilo la kuangalia. Na baada ya kifo chake Wamarekani hawakutaka tena kutegemea bahati: tangu 1951 katiba yao inakataza mtu kuchaguliwa kuwa rais zaidi ya mara 2.

Sasa kinyume chake, na hapa ndipo matumizi mabaya ya neno hili yanapoumiza kweli. Mtu aliyezoea kumtambua dikteta kwa makelele atampita António de Oliveira Salazar bila kumwona. Alikuwa profesa wa uchumi, mtu mpole wa kuongea, asiyependa mikutano ya hadhara, aliyeishi maisha ya kawaida mno. Aliitawala Ureno kama waziri mkuu tangu 1932 hadi 1968, pamoja na makoloni yake, Msumbiji ikiwamo. Mwaka 1958 jenerali mmoja, Humberto Delgado, aligombea urais na kusema waziwazi kwamba akishinda atamfuta kazi Salazar. Kwa katiba, rais alikuwa na uwezo huo. Watu walifurika kumsikiliza. Matokeo yakatangazwa kwamba ameshindwa, katika uchaguzi uliojaa udanganyifu, na mwaka uliofuata katiba ikabadilishwa ili wananchi wasimchague tena rais moja kwa moja. Mwaka 1965 Delgado aliuawa na polisi wa siri wa utawala huo. Katika yote hayo, huyo profesa hakuhitaji kupaza sauti.

Idi Amin, kwa upande mwingine, alianza akiwa kipenzi cha watu. Alipochukua nchi Januari 1971, Kampala ilishangilia barabarani. Aliwafungua wafungwa wa kisiasa, na mwili wa Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda aliyefia London, ukarudishwa nyumbani kuzikwa kwa heshima. Ukipima udikteta kwa chuki ya umma, siku zile ungesema Uganda imepata mkombozi. Lakini tayari bunge lilikuwa limevunjwa na nchi ilianza kuendeshwa kwa amri zake. Miongoni mwa wafungwa aliowaachia alikuwa Benedicto Kiwanuka, ambaye Amin mwenyewe alimteua kuwa jaji mkuu. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru mtu mmoja aliyewekwa kizuizini kinyume cha sheria aachiwe. Kabla mwezi huo haujaisha, watu wa Amin walimkamata palepale Mahakama Kuu, wakaondoka naye, na hakuonekana tena akiwa hai. Jaji alitoa amri halali, na jibu la mtawala lilikuwa kumuua jaji. Ukitaka kujua udikteta uko wapi, usiutafute kwenye hotuba zake wala kwenye majina makubwa aliyojipachika. Uko hapo, kati ya amri ya mahakama na gari lililokuja kumchukua aliyeitoa.

Wapo watakaosema uchaguzi unatosha kututenganishia hawa na wale. Hautoshi. Oktoba 2002 Iraq ilipiga kura ya kuamua kama Saddam Hussein aendelee, na serikali yake ikatangaza kwamba amepata asilimia 100. Kura ina maana pale tu anayeshindwa anapoondoka, na pale inapowezekana kushindwa.

Wala sisemi tusubiri mpaka jaji achukuliwe mahakamani ndipo tufungue midomo. Kati ya kiongozi wa kawaida na dikteta kuna njia ndefu, na viongozi wengi hupatikana mahali fulani njiani. Aliyefuta ukomo wa vipindi vyake vya urais amepiga hatua. Aliyefungia magazeti amepiga nyingine, na aliyemfungulia kesi ya uongo mpinzani wake siku chache kabla ya uchaguzi amekwenda mbali. Kila hatua ina jina lake, na kuitaja kwa jina kunasaidia kuliko kurukia neno la mwisho. Ukisema "amefuta ukomo wa urais", anayemtetea lazima ajibu hoja hiyo. Ukisema "ni dikteta", atakujibu kwamba wewe unamchukia tu, na kama juzi ulimwita vivyo hivyo yule aliyepandisha kodi, hutakuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema waziri mkuu fulani ni dikteta kwa sababu bajeti yake imewaumiza maskini, usimnyang'anye hasira yake. Ni yake, na pengine ni ya haki. Mwulize tu bajeti hiyo ilipitishwa na nani. Kama ni bunge, na bunge hilo lingeweza kuikataa likalala salama, basi huyo waziri mkuu ni mgumu wa moyo, au hajui hesabu, au anawapendelea matajiri. Achague neno linalomfaa. Na wabunge walioinua mikono kuipitisha wana majina na majimbo, na fungu lao la lawama, ambalo neno dikteta linawafutia lote.