Umezidisha kilomita, sasa ugoko unauma: maswali na majibu kwa wakimbiaji wa mbio ndefu

Maswali haya ni ya kijana wa miaka 26, mkimbiaji wa nusu marathoni anayefanya mazoezi Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya. Alikuwa akikimbia kilomita 110 kwa wiki. Ndani ya wiki nne akapanda hadi 180. Sasa ugoko wa kulia unamuuma na kila asubuhi anaamka amechoka.

Daktari, mbona pumzi iko sawa lakini mguu umekataa?

Kwa sababu viungo vyote havizoei kazi kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini mfupa huchelewa. Kila unapokimbia, mfupa hupata nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mwili huanza kwa kung'oa sehemu iliyochakaa, halafu ndipo hujaza mfupa mpya. Kung'oa huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Wewe umeongeza kilomita 70 katikati ya kazi hiyo, fundi akiwa amebomoa ukuta na matofali bado hajapanga.

Lakini Kelvin Kiptum, yule bingwa wa marathoni, si alikimbia zaidi ya hapo?

Ni kweli. Kocha wake, Gervais Hakizimana, alieleza kwamba Kiptum alikuwa akifikisha kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, wakati mwingine hata zaidi ya 300. Oktoba 2023 akakimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35. Ila hakuruka kutoka 110 hadi huko kwa mwezi mmoja. Na kocha huyohuyo alisema kwamba alimwonya apunguze ili adumu katika riadha. Sehemu hiyo ya habari vijana wengi kambini hawaisimulii, nami inaniumiza kila ninapomwona mmoja wao akichechemea.

Nitajuaje kama ni mfupa au ni misuli tu?

Keti kitandani, pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Maumivu yakiwa yametapakaa urefu wa kiganja au zaidi, na yanapoa mwili ukipata joto, mara nyingi ni ya misuli na utando unaoufunika mfupa. Ukipata mahali pamoja tu, panapofunikwa na ncha ya kidole, penye maumivu makali yanayozidi kadiri unavyokimbia au yanayokuamsha usiku, hesabu kwamba mfupa una ufa mpaka vipimo viseme vingine. Usijipime kwa kurukaruka kwa mguu huo; unaweza kuongeza ufa.

Eksirei ikipigwa katika wiki mbili au tatu za mwanzo, mara nyingi haionyeshi kitu. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona mapema zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi na bado pale pamoja panauma, usirudi barabarani.

Jambo moja halingoji: maumivu ya kinenani au ndani ya nyonga unapokanyaga. Ufa wa shingo ya mfupa wa paja ukiendelea kukimbiwa, mfupa unaweza kukatika kabisa. Acha kukimbia siku hiyohiyo uende hospitali.

Nikimeza dawa ya maumivu kabla ya mazoezi?

Hapana. Itanyamazisha maumivu huku ufa ukiongezeka, na dawa kama diklofenaki huweza kuumiza figo, hasa ukiwa umetokwa jasho jingi.

Na huu uchovu wa asubuhi?

Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakikaa juu ya kawaida yako siku kadhaa mfululizo, mwili haujapumzika. Lakini usiyatupie mazoezi lawama yote: pima malaria, hemoglobini (wingi wa damu) na ferritini (akiba ya madini ya chuma mwilini). Chai inayonywewa pamoja na ugali na sukuma wiki huzuia madini ya chuma kufyonzwa, kwa hiyo isogeze saa moja au mbili mbali na mlo. Halafu jiulize kama chakula kiliongezeka kilomita zilipoongezeka. Mara nyingi jibu ni hapana, na mfupa usiolishwa haujengeki. Kwa dada zetu, hedhi ikikosekana miezi mitatu ni ishara ya kumwona daktari. Si dalili kwamba mazoezi yamekolea.

Nitarudi vipi?

Ufa wa ugoko kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8 bila kukimbia, na mwingine zaidi. Baiskeli au kukimbia ndani ya maji hulinda pumzi, mradi hakuna maumivu. Anza kukimbia pale tu unapoweza kutembea kwa kasi siku kadhaa na kubonyeza ugoko bila kuhisi kitu: dakika moja kukimbia, moja kutembea, jumla dakika 20, siku moja ndiyo na inayofuata hapana, kwenye udongo tambarare. Rudisha umbali kwanza, kasi baadaye. Maumivu ya pale pale yakirudi, simama na utembee kurudi nyumbani.

Nina mashindano baada ya wiki sita. Nijiondoe?

Ndiyo, jiondoe. Mwambie kocha leo jioni, naye akupangie kazi ya baiskeli. Alhamisi asubuhi, kundi likitoka kwa mbio za kubadilisha kasi, wewe uwe kliniki unapimwa huo ugoko.