Goti la bibi si nyonga

"Dokta, mfupa wa mzee hauungi, toeni goti lote muweke la chuma." Kila bibi anapoletwa kavunjika mfupa gotini, nasikia hayo: wajukuu wameniambia hivyo, wachungaji wameniambia, na juzi kaniambia muuguzi wa zamu, ambaye nilitegemea anitetee. Hauungi? Nani kasema?

Chanzo nakijua. Jirani yenu wa Mabatini, hapa Mwanza, aliteleza kwenye mawe, akavunjika shingo ya paja, akabadilishiwa nyonga, leo anatembea. Sawa. Pale nyongani mfupa ukivunjika, mishipa inayolisha kichwa chake huweza kukatika, kichwa kikafa; ndiyo maana tunakitoa. Gotini damu ipo ya kutosha, kwenye ncha ya paja na ya muundi pia. Bibi wa miaka 80 anaunga, polepole, miezi 3 au 4 hivi. Kazi iko kwenye kushika vipande visicheze mpaka viunge. Mfupa umekwisha madini, unakaza skrubu, inazunguka tu kama iko kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Basi unamkataza kukanyaga wiki 6, pengine 12. Haya, mpe bibi wa Ukerewe magongo aruke kwa mguu mmoja! Ataishia kitandani, na kitandani ndiko wanakofia: nimonia, vidonda vya mgongo, damu kuganda mguuni ikapanda mapafuni.

Hapo ndipo goti bandia linapofikiriwa, ili akanyage mapema, hata kesho yake. Lakini goti lipi? Lile la kawaida, analowekewa aliyelika gegedu, hutulizwa na ligamenti za pembeni, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ligamenti hizo zimejishika kwenye vipande vilevile vilivyovunjika! Vipande vikiwa vinacheza, goti nalo litacheza. Inabidi liwe la bawaba, lenye vyuma virefu vya kuingia ndani ya paja na muundi. Ni ghali, halipatikani kila hospitali, na mfupa uliokatwa haurudi. Likiingia usaha, hasa kwa mwenye sukari, tunafungua tena na tena, na wapo wanaoishia kukatwa mguu. Hili jirani hakuwasimulia, maana lake ni la nyonga.

 

Ninayemwekea goti hilo bila kusita ni yule ambaye goti lilikuwa bovu tangu zamani, mfupa umesagika mpaka ndani ya kiungo, na alikuwa akitembea. Wa katikati wananinyima usingizi. Siku hizi sahani ya chuma pembeni pamoja na nondo ndani ya mfupa humwezesha mzee kukanyaga mapema bila kutolewa goti. Kwenye kikao cha asubuhi tunabishana juu ya eksirei moja, mimi na wenzangu ninaowaheshimu, na sioni kitabu kitakachotuamulia.

Kwa hiyo mkimleta, na msipitie kwanza kwa mchuaji, bei ya goti mtaniuliza baadaye. Nianzieni na hili: wiki moja kabla hajaanguka alikuwa akitembeaje? Kwa fimbo, kwa kushika ukuta, au alikuwa akienda mwenyewe mwaloni Kirumba kununua dagaa?