Je, wajua yule mbwa wa chuma alijifunzia wapi kutembea?

Zile video za roboti za miguu minne zinazopanda ngazi na kukata matope, mi nilikuwa naziangalia jibu tayari ninalo: kuna injinia kakaa mahali kaandika kila hatua, mguu huu mbele, ule ufuate, basi. Baadae nikasikia kwamba siku hizi zinajifunza zenyewe, nikabadilisha jibu, nikawa naelezea watu kwa kujiamini kabisa kwamba roboti inaachiwa maabara inaanguka, inaamka, inaanguka tena kama mtoto anayesimama dede, mpaka siku inakolea.

Jibu la pili ni bovu kuliko la kwanza. La kwanza angalau lina punje ya ukweli, maana kampuni kama Boston Dynamics kwa miaka mingi zilitegemea sana hesabu za mainjinia, sio hatua moja moja kama nilivyodhani ila kanuni za uzito, mwendo na wapi mguu ukanyage. La pili halisimami hata ukilifikiria kidogo tu. Majaribio yanayotakiwa ni mamilioni, na mashine nzito ya bei mbaya ikianguka hata mara elfu moja utabaki unaokota nati.

Inajifunzia ndani ya kompyuta, kwenye kitu kama gemu. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, na kampuni ya NVIDIA walionyesha kwamba unaweza kujaza nakala 4,096 za roboti inayoitwa ANYmal kwenye kompyuta moja yenye kadi ya grafiki, zote zinajaribu kwa pamoja, ikienda vizuri inapata pointi, ikianguka inakatwa. Kutembea sehemu tambarare zilijua kwa chini ya dakika 4, sehemu za mabonde na ngazi dakika 20. Dakika nne, maji ya chai hayajachemka.

Ila gemu ni dunia ya uongo, sakafu yake haina mchanga, mota zake hazichoki, kwa hiyo ukiitoa roboti nje ilitakiwa idondoke hatua ya kwanza, na kweli tatizo hilo limewasumbua watafiti miaka mingi. Dawa waliyopata inachekesha: wanaliharibu gemu makusudi. Nakala hii inapewa sakafu inayoteleza, ile inaongezewa mzigo, nyingine inasukumwa ubavuni bila taarifa.

Fikiria wapishi wawili wa ugali. Wa kwanza kajifunzia jiko moja la gesi, sufuria ileile, unga uleule, kakariri maji vikombe vitatu na dakika zake. Mpeleke kijijini kwenye mafiga, kuni mbichi, unga wa dona, utakula madonge. Wa pili ni mpishi wa shughuli, kapika kwa mkaa, kwa gesi, kwa kuni, sufuria nene na nyembamba, sembe na dona, siku nyingine mvua inamnyeshea. Huyu hana dakika kichwani kwa sababu dakika zilishamdanganya mara nyingi, anachosikiliza ni mwiko: ukiwa mwepesi anaongeza unga, moto ukizidi anachomoa kuni. Zile nakala zinalazimishwa kuwa mpishi wa pili. Zimenyimwa dunia moja ya kukariri, kwa hiyo zinabaki kusikiliza mwiko wao, yani miguu yenyewe, viungo vimekunja kiasi gani, mwili umelalia wapi, sekunde iliyopita ilikuwaje.

Na hapa ndo panaponishangaza mpaka leo. ANYmal ya utafiti wa 2020 ilitembea bila kutumia kamera, kipofu kabisa, na kwenye gemu ilifundishwa ardhi ngumu tu, hakuna theluji wala tope hata chembe, halafu ikatolewa nje ikapita kwenye theluji, tope, vichaka na maji yanayotiririka. Maelezo ya kwamba tope kwake ni sakafu nyingine tu ya vituko yananiingia akilini, ila ni maelezo, sio uthibitisho. Mwaka 2022, safari hii ikiwa na macho, ilipanda mlima Etzel huko Uswisi, ikafika juu kwa dakika 31 wakati kibao cha njia kinawapa binadamu 35.

Kabla sijajibebesha jibu la tatu kwamba ni kompyuta mwanzo mwisho: hapana, mwaka 2019 maabara hiyohiyo ya ETH Zürich ilishaona mota halisi zina tabia ngumu kukisia, ikabidi wazirekodi zikifanya kazi kisha waingize tabia hiyo kwenye gemu.

Na mikono bado. Mwaka huohuo kampuni ya akili bandia ya OpenAI walitumia dawa hiihii ya kuliharibu gemu kufundisha mkono mmoja wa roboti kuzungusha Rubik's Cube, ule mchemraba wa fumbo la rangi (hatua za kutatua zilitoka kwenye programu ya kawaida, mkono kazi yake ilikuwa kushika na kugeuza tu, watu wengi hapo walichanganya). Waliuvalisha glavu, wakausukuma na mdoli wa twiga, ukaendelea na kazi. Ila mchemraba ukichanganywa vibaya kabisa, ulimaliza mara 2 tu kati ya 10.