Je, kutoka "mbaya" hadi "si mbaya" ni hatua moja tu?

Tuseme kuna dodoso la abiria wa boti za Mokowe na Lamu. Swali ni moja, "Safari ilikuwaje?", na visanduku vya jibu ni vitano: mbaya sana, mbaya, si mbaya, nzuri, nzuri sana. Mkusanyaji anaviandika 1 hadi 5, anajumlisha, anagawanya, kisha anatangaza kwamba boti ya buluu imepata wastani wa 3.4 na ya kijani 3.5.

Namba hizo zimechukulia kwamba kila kisanduku kiko mbali sawa na jirani yake. Kwa Kiswahili hilo ni gumu kulikubali. Mtu mwenye homa akiulizwa habari hujibu "nzuri" kwanza, homa ndiyo ifuate baadaye, kwa hiyo kisanduku cha "nzuri" ni kipana mno. Na "si mbaya" ya mzee wa pwani huweza kuwa sifa kamili, mbali sana na "mbaya" iliyo jirani yake kwenye karatasi.

Skeli za aina hii zilienezwa na mwanasaikolojia Rensis Likert mwaka 1932. Mwaka 1946 mwanasaikolojia mwingine, S. S. Stevens, akaandika kwamba vipimo vyenye mpangilio tu, visivyo na umbali unaojulikana, havistahili kutafutiwa wastani. Kutoka hapo likazaliwa jibu ambalo wengi wetu tulilimeza bila kutafuna: umbali usipokuwa sawa, jaribio la t (hesabu inayopima kama wastani wa vikundi viwili umeachana kuliko bahati inavyoweza kueleza) huharibika, hivyo p inayotoka, yaani uwezekano wa kupata pengo kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, haina maana.

Jibu hilo si sahihi, na inafaa kuona limekosea wapi hasa.

Fikiria ngazi ya mawe inayoshuka baharini kwenye gati. Huna futi, kwa hiyo unapima maji kwa kuhesabu vidato vilivyofunikwa. Fundi aliyeijenga hakujali: vidato vitatu vya chini vina kimo cha sentimita 50 kila kimoja, sita vya juu sentimita 20. Sasa watu wawili wahesabu kwenye ngazi hiyohiyo, kila mmoja kwa siku zake, na bahari iwe na tabia ileile katika siku za wote wawili. Hesabu zao zitafanana, isipokuwa kwa bahati ya siku walizoangukia. Ubovu wa ngazi umewapata wote sawasawa. Ndivyo ilivyo kwa jaribio la t: kama majibu ya vikundi viwili yanatoka kwenye mgawanyo mmoja, litalia bure, yaani kutangaza tofauti isiyokuwapo, takriban mara 5 katika 100, kama lilivyoahidi, hata ukivipa visanduku namba 1, 2, 9, 10 na 40. Jaribio halijui namba zimetoka wapi. Frederic Lord, mtaalamu wa takwimu za mitihani, alilichezea jambo hili mwaka 1953 kwa mfano wa namba za jezi za wachezaji, ambazo hazipimi chochote.

Sharti lake ni kwamba sampuli isiwe ya watu wanane, na majibu yasiwe yamerundikana karibu yote kwenye kisanduku kimoja. Hapo jaribio huyumba, lakini kwa sababu ya uchache na mrundikano. Pia nguvu ya kugundua tofauti iliyopo hupanda au kushuka kidogo kufuatana na namba ulizochagua.

Basi ubaya uko wapi? Uko kwenye mtawanyiko: kikundi kimoja kikienea mbali zaidi na wastani wake kuliko kingine. Ngazi ileile inauonyesha.

Siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu hucheza katikati. Tuseme bamvua inafika sentimita 280 na kushuka hadi 20, maji mafu 195 na 105. Wastani wa zote mbili ni 150. Hesabu vidato sasa. Bamvua ikijaa imefunika vyote tisa, ikipwa hakuna hata kimoja: wastani 4.5. Maji mafu yanafunika vitano, kisha viwili: wastani 3.5. Bahari ni ileile kwa wastani, ngazi inasema bamvua iko juu kwa kidato kizima! Sababu ni kwamba kupanda juu ya 150 kunahesabiwa kwa vidato vifupi, kushuka kwa virefu. Kila kidato kingekuwa na sentimita 50, zote mbili zingetoa 2.5.

Turudi kwenye boti. Kati ya abiria 100 wa boti ya buluu, 10 walisema mbaya, 40 si mbaya, 50 nzuri. Boti ya kijani iligawanya watu: 20 mbaya sana, 10 mbaya, 10 si mbaya, 20 nzuri, 40 nzuri sana. Kwa 1 hadi 5 kijani inashinda, 3.5 kwa 3.4. Sasa tanua pengo la "mbaya" na "si mbaya" na ubane la "nzuri" na "nzuri sana": namba ziwe 1, 2, 4, 5 na 5.5. Buluu inapata 4.3, kijani 4.0. Mshindi amegeuka, na hakuna abiria aliyebadili neno.

Kwa watu 100 kila upande hakuna tofauti inayovuka mstari wa 5%. Ila ongeza hadi 1,500 kila boti, migawanyo ikiwa hiyohiyo: namba za kwanza zinatoa t (ikipita 2 hivi, mstari wa 5% umevukwa) ya karibu 2.3 upande wa kijani, za pili karibu 5.7 upande wa buluu. Matokeo mawili "ya uhakika" yanayopingana, na sampuli kubwa ndiyo iliyoyapa kiburi.

Kuna njia ya kujua mapema kama uko hatarini. Kwa kila mpaka, hesabu asilimia ya waliofika hapo au zaidi. Kuanzia "mbaya" kwenda juu, buluu 100, kijani 80. Kuanzia "si mbaya", 90 kwa 70. Kuanzia "nzuri", 50 kwa 60. "Nzuri sana", 0 kwa 40. Buluu imeongoza mara mbili kisha ikapitwa: ukizichora asilimia hizo, mistari ya boti mbili imekatana. Ikikatana, daima kuna namba zitakazomgeuza mshindi. Kikundi kimoja kikiongoza kwenye kila mpaka, hakuna namba zinazoheshimu mpangilio zitakazokigeuza. Kazi yenyewe ni ya dakika tano, kwa kalamu.

Wengine hukimbilia jaribio la Mann-Whitney la 1947, kwa kuwa linatumia nafasi za mpangilio badala ya namba. Hapa lingeegemea kijani: ukichukua abiria mmoja wa kila boti kwa kubahatisha, na sare zikigawanywa nusu kwa nusu, wa kijani yuko juu kwa 58.5%. Lakini nafasi nazo ni umbali wa aina yake, unaopangwa na msongamano wa watu kwenye kisanduku. Halikujibu swali la wastani, limejibu jingine. Modeli inayokadiria mipaka ya visanduku yenyewe, na kukiachia kila kikundi mtawanyiko wake, iko karibu zaidi na swali, ingawa nayo hudhani kwamba chini ya maneno kuna bahari moja inayopanda na kushuka.

Gumu kuliko yote ni swali la tofauti ya tofauti: msimu wa kusi bahari ikichafuka, boti ipi imeshuka zaidi? Moja ikitoka nzuri sana hadi nzuri, nyingine si mbaya hadi mbaya, kila moja imeshuka 1 kwenye karatasi, na umbali ndio swali lenyewe. Afadhali kuuliza dakika walizosubiri gatini. Dakika zinalingana, angalau kwenye saa. Kwa abiria mwenye kapu la samaki, ya arubaini ni ndefu kuliko ya kumi.